Kura Zile Zilikuwa za Nani?

Chama chetu hakikufa kwa kushindwa. Nalisema hili mapema kwa sababu vijana wengi wa siasa ninaozungumza nao wanaamini NCCR-Mageuzi iliporomoka pale mgombea wake Augustine Mrema aliposhindwa urais wa Tanzania mwaka 1995. Sivyo. Matokeo yale yalikuwa neema. Benjamin Mkapa wa CCM, chama tawala, alipata asilimia 61.8, Mrema 27.8, Profesa Ibrahim Lipumba wa CUF 6.4, na John Cheyo wa UDP karibu asilimia 4. Chama ambacho hakijafikisha miaka mitatu tangu kipate usajili wa kudumu kimechukua zaidi ya robo ya kura za urais, na wabunge 16 wa majimbo, 19 ukiongeza wa viti maalumu. Nani asingetamani kuanza maisha ya upinzani hivyo?

Kilichotumaliza ni swali moja ambalo hakuna kikao kilichothubutu kulimaliza: kura zile zilikuwa za nani? Za Mrema, za chama, au za watu waliozipiga?

Mimi wakati huo nilikuwa katibu wa tawi Tandika, wilaya ya Temeke. Mchana nilikuwa karani kwenye duka la vifaa vya ujenzi, jioni nafungua ofisi ya tawi: chumba kimoja cha kupanga, mabenchi mawili, bendera nje na daftari la wanachama ndani ya droo. Sikuwahi kukaa meza moja na wakubwa. Ninayoyaeleza ni yale yanayoonekana ukiwa chini kabisa, mahali ambapo sera ya chama hufika ikiwa imebaki sentensi moja.

Ili kuelewa yaliyofuata, ni lazima ujue chama kilikuwaje kabla ya Mrema. Kilitoka kwenye kamati ya kudai mabadiliko ya katiba iliyoundwa mwaka 1991, wakati nchi bado ina chama kimoja. Wenyewe walikuwa wanasheria, wahadhiri na wanaharakati: Mabere Marando, Ringo Tenga, Masumbuko Lamwai, Prince Bagenda, na James Mbatia aliyetoka kwenye harakati za wanafunzi wa Chuo Kikuu. Walitaka uitishwe mkutano wa taifa wa kuandika katiba upya. Walitaka zifutwe zile sheria 40 kandamizi zilizotajwa na Tume ya Jaji Nyalali, iliyochunguza kama nchi iingie vyama vingi. Hoja nzito, na ukizisoma leo utaona bado zinadaiwa. Lakini jaribu kuzipeleka Tandika kwa mama anayeuza vitumbua, au kwa kijana anayesukuma mkokoteni Soko la Tandika. Tawi letu mwaka 1994 lilikuwa na watu wa kutosha kujaza mabenchi yale mawili, na bado nafasi ilikuwepo.

Halafu Mrema akaja.

Wasiomkuta wanamjua kwa picha za uzeeni, wakati siasa zake zilishageuka kichekesho cha mitandaoni. Hawajui moto wa mwanzo wa miaka ya tisini. Alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, kisha akapewa na cheo cha Naibu Waziri Mkuu ambacho Katiba haikukitaja popote. Alikamata magendo, alifokea maofisa hadharani, alitoa amri ya siku saba na watu wakahesabu siku kweli. Ofisini kwake walipanga foleni wanawake waliotelekezwa, wafanyakazi waliodhulumiwa mishahara, wapangaji waliofukuzwa. Wasomi walisema ile si kazi ya waziri, na kwa taratibu za serikali walikuwa na haki. Lakini kwa mtu ambaye maisha yake yote ofisi ya serikali ilimwambia njoo kesho, waziri aliyemwambia nitampa huyo bwana siku saba alikuwa ndiyo serikali ya kwanza kukutana nayo. Sijawahi kuwacheka waliompenda. Wengi wao walikuwa jirani zangu.

Mapema mwaka 1995, baada ya kupinga msimamo wa serikali bungeni katika sakata la fedha zilizohusu mashamba ya mkonge ya Tanga, Rais Mwinyi akamwondoa uwaziri. Akatoka CCM, akaingia NCCR-Mageuzi. Na hakuingia kama mwanachama wa kawaida. Marando, aliyekuwa mwenyekiti, akampisha, yeye akawa katibu mkuu. Mtu aliyefika juzi akawa mwenyekiti wa taifa na mgombea urais kwa pamoja.

Tawini kwetu hakuna aliyeuliza. Tungeuliza nini? Kadi zilikwisha. Tukaandika majina kwenye karatasi za daftari la shule, tukiahidi kadi zikifika. Vijana walilisukuma gari lake kwa mikono barabarani, injini imezimwa, wakiimba. Ile haikuwa kuigiza. Mtu halipwi kusukuma gari lile kwa umbali ule kwenye jua la Dar es Salaam.

Jambo moja nililiona wakati huohuo lakini sikujua uzito wake mpaka baadaye. Waliojaa mkutanoni hawakuwa wakijaa tawini. Siku ya mkutano wa hadhara uwanja haukutosha. Jumamosi ya kikao cha tawi tulikuwa walewale, tumeongezeka kidogo. Waliolipa ada walikuwa wachache kuliko waliovaa fulana. Nilipowauliza kwa nini hawaji vikaoni, walinishangaa. Kikao cha nini, Katibu, si tunamsubiri Mrema aingie Ikulu?

Kampeni ilikuwa ngumu. Mwalimu Nyerere mwenyewe aliingia uwanjani kumnadi Mkapa, na alipopanda jukwaani mzee yule, hata baadhi ya watu wetu walinyamaza kumsikiliza. Oktoba 29 ikafika. Dar es Salaam ilikuwa vurugu tupu: vituo havina karatasi, vingine havina masanduku, vingine vimefunguliwa jioni. Tume ya Uchaguzi ikafuta uchaguzi wa majimbo yote saba ya jiji na kutangaza urudiwe Novemba 19. Wagombea urais wa upinzani wakajitoa, wakaenda mahakamani kutaka uchaguzi wote wa nchi urudiwe. Mahakama ikakataa. Mkapa akaapishwa.

Hapo ndipo somo linapoanza, na hapa nitakaa.

Baada ya kushindwa, tawini na kwenye vijiwe vya kahawa palizuka maelezo mawili. La kwanza, la wengi, lilikuwa neno moja: tumeibiwa. Nami nililisema. Kwa aliyeuona uchaguzi wa Dar es Salaam ule wa kwanza, lilikuwa neno lenye haki ya kusemwa. Lakini angalia lilivyofanya kazi ndani ya chama. Ukishasema umeibiwa, huna la kujirekebisha. Ukiuliza kwa nini hatukuwa na mawakala kwenye vituo vingi vya mikoa ya kusini, unajibiwa wangetuibia tu. Ukiuliza kwa nini kura zetu zimelundikana Kilimanjaro na mijini na vijijini kwingi hatukupata kitu, unaangaliwa kwa jicho la shaka, kana kwamba umetumwa. Nimeona baadaye, kwa vyama vya nchi nyingine pia, neno hilihili likifanya kazi hiyohiyo hata pale ambapo hapakuibiwa kitu. Wafuasi wa Donald Trump baada ya Novemba 2020 waliliimba, mahakama baada ya mahakama ikawakatalia, na chama chake kikashindwa kufanya hata tathmini ya kawaida ya kwa nini kilipoteza. Tofauti ni kwamba wao walishinda tena urais mwaka 2024. Sisi hatukuinuka tena. Kwa hiyo sidai kwamba kukwepa tathmini humuua kila mtu. Chama kikubwa chenye magavana na majimbo yake kinaweza kuishi na uongo wake kwa miaka minne. Chama chenye umri wa miaka mitatu hakina akiba hiyo.

Maelezo ya pili yalikuwa ya wachache, wale wa zamani hasa. Wao walisema chama kimegeuzwa jukwaa la mtu mmoja, katiba mpya imesahaulika, sasa ni magendo na ufisadi tu. Walikuwa na hoja. Lakini waliisema kwa namna ambayo ilimtukana mpiga kura. Walizungumza kana kwamba ile asilimia 27.8 ni ajali, kundi la watu waliodanganyika ambao wakipewa semina watakuwa wanamageuzi wa kweli. Nilimsikia mmoja, msomi wa watu, akisema tawini kwetu kwamba sasa inabidi chama kisafishwe kirudi kwenye misingi. Mama mmoja akamwuliza, baba, misingi hiyo kabla ya Mrema ilikuwa na watu wangapi? Akakosa jibu.

Kati ya makundi hayo mawili palihitajika mtu wa kusema jambo la tatu: kwamba watu hawa hawakumpigia kura Mrema kwa sura yake wala chama kwa katiba yake. Walipiga kura dhidi ya ofisi zinazowanyanyasa. Mgambo, polisi, mwenye nyumba, mwajiri, karani wa ardhi. Kama chama kingelichukua hilo na kulifanya kazi ya kila tawi, kusimamia kesi za wapangaji, kufuatilia mishahara ya wafanyakazi wa viwanda vya Chang'ombe, kugombea mitaa na udiwani kwa ajenda hiyo, ile hasira ingepata nyumba. Na ingeungana na katiba bila shida, maana mwenye kudai katiba mpya anadai ofisi hizohizo ziwajibike. Tulikuwa na miaka mitano ya kuijenga. Tukaitumia kugombana.

Oktoba 1996 kiti cha Temeke kilikuwa wazi, Mrema akagombea ubunge. Tulifanya kazi usiku na mchana, mimi mwenyewe nililala ofisini na fomu za mawakala. Akashinda, akaingia bungeni. Furaha ile ilitulevya. Kila mtu alisoma ushindi ule alivyotaka: waliomfuata Mrema waliona ni ushahidi kwamba chama bila yeye si kitu, na waliompinga waliona amepata kiti chake sasa atulie aache uongozi kwa wengine. Ushindi mmoja, na ndio uliotuongezea ufa.

Watu wakizungumzia mgogoro ule hupenda kuutaja kama ugomvi wa Mrema na Marando, mapambano ya tabia mbili. Tabia zilikuwepo, sikatai. Lakini kulikuwa na jambo la ovyo zaidi chini yake, nalo ni fedha. Ruzuku ya serikali kwa vyama ilikokotolewa kwa kufuata matokeo ya uchaguzi. Maana yake, chama kilichoshindwa urais kilikuwa na fedha kuliko kilivyowahi kuwa nazo kilipokuwa na matumaini. Nani anatia saini hundi? Mwenyekiti au katibu mkuu? Nani anaajiri, magari yanakaa kwa nani, muhuri uko wapi? Kama kura ni za Mrema, ruzuku ni matunda yake. Kama kura ni za chama, basi ni za vikao. Lile swali nililoanza nalo halikuwa falsafa hata kidogo. Lilikuwa kwenye hati za benki.

Mwaka 1997 kikao cha Halmashauri Kuu kule Tanga kikavunjika kwa vurugu. Baada ya hapo kukawa na kambi mbili zinazofukuzana uanachama, kila moja ikidai ndiyo halali. Kesi mahakamani, barua kwa Msajili wa Vyama, mikutano ya waandishi wa habari asubuhi kambi hii, mchana kambi ile. Na likazaliwa neno baya kuliko yote katika siasa za upinzani za nchi yetu: pandikizi. Kila aliyepinga kambi yako alikuwa ametumwa na CCM. Inawezekana wapo waliotumwa. CCM haikuwa na sababu ya kukaa kimya. Lakini neno hilo likishaingia tawini, kikao hakiendeshwi tena. Mzee mmoja aliyejiunga tangu mwaka 1992, aliyekuwa akitoa hela yake mfukoni kulipia kodi ya chumba chetu, aliitwa pandikizi kwa sababu tu alitaka mahesabu yasomwe. Alichukua bakora yake akaondoka. Kodi ya mwezi uliofuata tuliikosa.

Aprili 1999 Mrema akahamia TLP, chama kingine cha upinzani, na huko nako akawa mwenyekiti. Tawi letu liligawanyika hivi: wengi wa waliosukuma gari walimfuata, angalau kwa miezi michache. Baadhi walikwenda CUF, kwa sababu CUF ilikuwa na mtandao mzuri Temeke. Wasomi wetu wawili watatu walibaki na bendera. Na wengi kuliko wote hao, wale niliowaandika kwenye karatasi za daftari la shule, walirudi kwenye shughuli zao na hawakujiunga na kitu chochote tena. Kwangu hao ndio hasara yenyewe. Aliyehama bado yumo kwenye mchezo. Aliyekwenda nyumbani akiwa amedhalilishwa na upande wake mwenyewe humrudishi kwa hotuba.

Uchaguzi wa mwaka 2000 ulitoa jibu kwa tarakimu. Mrema, kwa tiketi ya TLP, alipata asilimia 7.8. NCCR-Mageuzi haikuweka hata mgombea urais, na ikabaki na jimbo moja. Mkapa akapanda mpaka zaidi ya asilimia 71. Mwaka 2005 Mrema na mgombea wa NCCR, Dakta Sengondo Mvungi, kila mmoja alipata chini ya asilimia moja. Kwa hiyo wote wawili walikosea hesabu, aliyesema kura ni zangu na waliosema kura ni zetu.

Huwa naulizwa kama yote hayo yangeepukika, na mfano ninaoupa si wa mbali. Julai 2015 Edward Lowassa, waziri mkuu wa zamani, alikatwa jina CCM walipokuwa wakitafuta mgombea urais, akaingia Chadema, chama cha upinzani, na kuwa mgombea wake. Ilikuwa kama kuangalia mkanda wa 1995 upya: umati uleule, watetezi wa misingi ya chama wakilalamika vilevile. Dakta Willibrod Slaa akajiondoa kwenye siasa, Lipumba akajiuzulu uenyekiti wa CUF. Lowassa akapata asilimia 39.97, kura zaidi ya milioni sita, mgombea wa upinzani hajawahi kufika huko. Akashindwa na John Magufuli. Machi 2019 akarudi CCM.

Nilikaa nikisubiri Chadema ivunjike vipande viwili. Haikuvunjika. Ilipata mapigo mengine mazito, mikutano ilizuiwa, wabunge na madiwani walihama mmoja mmoja, Tundu Lissu alipigwa risasi Septemba 2017. Lakini siku Lowassa alipoondoka, hakuondoka na muhuri. Walimpa ugombea, hawakumpa kiti cha mwenyekiti. Freeman Mbowe alibaki nacho. Na kabla hajafika walishatumia miaka mingi kujenga matawi na vikundi vya chini yake, hivyo kulikuwa na watu ambao wangekuwepo Jumamosi kikaoni hata kama asingekuja. Sisi 1995 tulimkabidhi mgeni ufunguo wa nyumba, kisha tukashangaa alipoanza kuhamisha samani.

Nisije nikaonekana napigia chapuo dawa moja. Zanzibar ilionyesha kinyume. Machi 2019, Mahakama ilipompa Lipumba, aliyekuwa ametengua kujiuzulu kwake, uhalali wa uenyekiti wa CUF, katibu mkuu Maalim Seif Sharif Hamad alihamia ACT-Wazalendo, na chama karibu chote cha Visiwani kikahama naye. Shusha tanga, pandisha tanga, walisema, na ofisi zikabadilishwa rangi mara moja. Kwa hiyo mtu anaweza kuhama na watu wake. Ila Maalim Seif alikuwa na watu hao tangu kuanzishwa kwa CUF, shehia kwa shehia, wengine wamefungwa pamoja naye na wengine wamezika ndugu zao baada ya mauaji ya waandamanaji ya Januari 2001. Mtaji ule haukuwa wa kampeni ya miezi minane.

Mrema alirudi bungeni mwaka 2010 kwa jimbo la Vunjo, nyumbani kwake. Mwaka 2015 akagombea tena, na aliyesimama dhidi yake na kumshinda alikuwa Mbatia, mwenyekiti wa NCCR-Mageuzi. Kati ya robo ya kura za nchi nzima, urithi uliobaki wa kugombewa na pande zile mbili ulikuwa jimbo moja chini ya Mlima Kilimanjaro. Wapiga kura wa Temeke mwaka huohuo walichagua mbunge wa upinzani tena. Safari hiyo alikuwa wa CUF.